Karatasi Niliyochora Siku ya Msiba

Esta na Mutale wameniomba niandike jinsi kazi ya chumba cha ramani ilivyofanywa kabla wao hawajaja. Naandika kwa Kiswahili, ingawa kazini tuliongea Kibemba, kwa sababu maelezo yangu yote ya miaka ile niliyaandika kwa lugha hii. Kiswahili ninachoongea ni kile cha Katanga. Hiki ninachoandika nilikipata katika Biblia na vitabu vya kanisani, kwa hiyo msishangae vikigongana. Esta amezaliwa katika makazi ya watu waliokimbia kutoka Kongo, atasoma bila shida. Mutale anakijua Kiswahili cha kununulia samaki tu, Esta atamsomea.

Wakitaka kujua kazi yenyewe ilikuwa kazi gani, wasitegemee sana kurasa hizi. Nimeifanya tangu ujana hadi magoti yalipokataa kupanda mtumbwi, na bado mtu akiniuliza nilikuwa nafanya nini, jibu langu hubadilika kufuatana na anayeuliza. Mama mkwe nilimwambia napima mashamba. Polisi wa bandarini niliwaambia sipimi chochote.

Nilizaliwa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Nilivuka na mume wangu na mtoto wetu wa kwanza, Chola, nikaanza kuuza vitumbua bandarini Kashikishi, upande wa Zambia. Wakongo wananiita Mama Chola na Wazambia wananiita Bana Chola. Maana ni ileile, lakini kwa miaka mingi nilijisikia kama watu wawili wanaotumia viatu vya mmoja.

Siku ya kwanza ya kazi sikujua kwamba ni siku ya kwanza ya kazi. Mwanamume mwembamba mwenye kofia ya majani alikuwa anapima kwa utepe umbali kati ya vichanja, zile meza za miti ambazo wanawake wanakaushia samaki juu ya moto. Kila alipofika watu walinyamaza, kwa kuwa walidhani ni mtu wa ushuru. Alikuwa amenisikia nikiuza kwa lugha mbili. Akaniomba nimshikie ncha ya utepe, kisha akaniomba nimuulize mama mmoja Mkongo kwa nini ameketi pale alipoketi na si kule kwenye kivuli.

Niliona aibu kumuuliza mtu mzima swali kama hilo. Mama huyo alikuwa Mama Kalenga, mfanyabiashara wa samaki ambaye tulitoka naye upande mmoja. Alinitazama, akamtazama yule bwana, akasema, "Juu ya moshi. Kule moshi inaingia mu macho." Yule bwana akaandika: kwa sababu ya moshi. Kesho yake alinituma tena na swali lilelile, na Mama Kalenga akasema pale paliachwa na dada yake mkubwa. Siku ya tatu akasema hajawahi kufikiria jambo hilo na ana samaki wa kugeuza. Majibu yote matatu yaliandikwa, moja chini ya lingine. Nilimuuliza bwana lipi ni la kweli. Alisema hajui, ndiyo maana daftari lina mistari mitatu.

Huyo ndiye Ba Mwape, yaani Bwana Mwape kwa Kibemba. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu Lusaka, na kila kiangazi alishuka huku kwetu wilayani Nchelenge. Wenzake walichunguza makaburi ya machifu na maporomoko ya maji. Yeye alichunguza majiko, kamba za nguo, benchi mbele ya duka, na njia ambayo watu wanaipita ingawa kuna nyingine fupi. Aliita haya yote mandhari ya kila siku. Nasikia kwamba katika nchi za mbali wasomi walilijua jina lake na walimwalika kuzungumza. Hapa ziwani watu walimwita Ba Kapima, yaani mpimaji, na walimcheka kwa upole.

Aliniajiri kiangazi kilekile. Alipata chumba kimoja nyuma ya shule, akaweka meza na makabati mawili, na hicho ndicho chumba mnachokijua. Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Utepe wetu wa kwanza uliungua mita ya mwanzo kwenye jiko la samaki, kwa hiyo tulianzia kwenye moja halafu tukatoa moja. Wakati mwingine tulisahau kutoa. Mkikuta katika karatasi za zamani nyumba yenye urefu wa ajabu, mmejua. Penseli ilining'inia shingoni kwa uzi. Wino haukuruhusiwa nje ya chumba, kwa sababu maji ya ziwa yakiugusa hubaki doa la buluu tu. Baadaye aliletewa kifaa cha kupokea alama za setilaiti. Tulikiwasha tukiwa tumeketi kwenye benchi ya kanisa, nacho kikatuambia tuko ndani ya ziwa. Ba Mwape aliandika na hilo pia.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja. Mbele ya karatasi unachora ulichokiona leo, kwa macho yako, na nyuma ya karatasi unaandika ulichoambiwa, pamoja na jina la aliyesema. Usichanganye. Ukijua kwamba pana nyumba lakini leo haipo, mbele usiichore. Nilimuuliza mara nyingi faida ya kujifanya mjinga namna hiyo. Alinijibu kwamba mtu anayechora anachokijua hatagundua siku kitakapobadilika. Jibu hilo nililipenda, na nililiamini, na sasa sina hakika nalo tena.

Kazi iliyonisumbua mapema ilikuwa Chisenga. Kisiwa kile kina kambi za wavuvi, na tuliichora kambi moja nyumba kwa nyumba, hata mahali pa kuanikia nyavu. Tuliporudi kiangazi kilichofuata maji yalikuwa yamepanda, kambi imehama, na mahali pote palikuwa majani. Nikauliza tufanye nini. Ba Mwape akasema tuchore majani. Nikachora majani siku nzima, mtu mzima mwenye watoto wawili nyumbani, na watoto hao walikuwa wanalelewa na jirani yangu Bana Mulenga, ambaye naye alikaushia samaki Kashikishi. Nilipomweleza nilichokuwa nafanya kisiwani, Bana Mulenga alidhani namficha jambo. Lakini aliendelea kunilelea watoto kila niliposafiri, kwa miaka mingi, na hilo nataka likumbukwe kabla sijafika mbele.

Sasa nafika kwenye karatasi yenyewe.

Kiangazi kimoja Ba Mwape alilala na malaria katika nyumba ya wageni. Kazi iliyokuwa imepangwa ni kuchora ufuko wa Kashikishi, kipande kilicho kati ya njia ya kushukia majini na kibanda cha barafu. Akaniambia niende peke yangu. Ilikuwa mara ya kwanza. Katika kipande kile kulikuwa na safu mbili za vichanja. Safu ya akina Bana Mulenga ilikuwa upande wa njia, na safu ya akina Mama Kalenga, wanawake Wakongo, ilikuwa upande wa kibanda. Kila mtu wa Kashikishi alijua hivyo, nami nilijua kuliko wote, maana niliuza vitumbua katikati yao.

Lakini siku ile kaka yake Mama Kalenga alikuwa amezama ziwani, na maiti yake ilikuwa imepatikana upande wa Puta. Wanawake wote wa safu ile walikuwa msibani. Walikuwa wameng'oa vichanja vyao asubuhi, miti mingine wakajengea kibanda cha waombolezaji, mingine wakawashia moto. Nilipofika ufukweni nilikuta mchanga mtupu wenye mashimo. Nikachora safu ya Bana Mulenga, kichanja kwa kichanja. Upande wa pili nikachora mchanga. Moyo uliniuma kidogo, lakini sheria ilikuwa sheria, na nilijivuna kwamba naifuata hata nikiwa peke yangu. Nikageuza karatasi nikaandika nyuma. Halafu nikaenda msibani na mimi.

Ba Mwape alipopona alisema kazi ni safi. Jioni alinakili karatasi kwa wino, upande wa mbele tu, kama alivyofanya siku zote. Za penseli zikaingia katika masanduku. Miaka ikapita hivyo, kiangazi baada ya kiangazi. Nywele zake zikawa nyeupe, akaanza kuja mara moja kwa miaka miwili, halafu akawa anatuma barua tu. Siku moja ikaja habari kwamba amefariki Lusaka.

Wanafunzi wake walikuja, watu wenye adabu, wakachukua nusu ya masanduku. Baadaye wakatoa kitabu kikubwa cha ramani zake, chenye jalada gumu. Nakala moja waliniletea. Jina langu lilikuwa ndani, kati ya wale wanaoshukuriwa. Nililia, kisha nikakiweka juu ya kabati, kwa sababu kilikuwa kizito na meza yetu ilikuwa na mguu mmoja mbovu.

Kilikaa hapo hadi ulipokuja mradi wa gati. Esta na Mutale mlikuwa mmeshaanza kazi, mnaujua, lakini nawaandikia na wengine watakaowafuata. Ufuko ungejengwa kwa saruji, na vibanda vinavyotazama maji vingepewa wale waliokuwa pale tangu zamani. Ofisa wa mradi, kijana mpole, alitafuta ushahidi wa nani alikuwa pale tangu zamani, akapata kitabu cha Ba Mwape. Alifurahi sana. Alisema maneno ya watu yanageuka, lakini hii ni kazi ya msomi anayejulikana dunia nzima.

Mama Kalenga alikuja chumbani kwetu asubuhi, amezeeka, amejifunga kitenge cha kanisani. Hakuketi.

"Mama Chola, banasema hatukukuwaka," aliniambia kwa Kiswahili chetu, yaani wanasema hatukuwahi kuwapo. "Banasema iko mu kitabu ya Ba Kapima. Safu yetu haiko."

Nilishusha kitabu, nikafungua ukurasa wa ufuko ule. Ulikuwa mchanga. Niliutambua mara moja, kila nukta.

"Ni mukono ya nani ilichora?" aliuliza.

"Mukono yangu," nilisema.

Ndipo akaketi. Akaomba maji ya kunywa.

Sikuwa na hofu sana siku ile, kwa sababu nilikumbuka nilichoandika nyuma ya karatasi. Nilikikumbuka neno kwa neno: kwamba vichanja vya akina Mama Kalenga, safu nzima, vimeng'olewa kwa ajili ya msiba na vitarudishwa. Tulitafuta siku tatu katika masanduku yaliyobaki. Esta ndiye aliyeipata. Niliigeuza mbele yake nikiwa natabasamu, na nyuma kulikuwa na maneno mawili tu, kwa mwandiko wangu: "Msiba. Kurudi."

Mpaka leo sijui. Pengine sentensi ndefu niliitunga kichwani nikielekea msibani, nikaamini kwamba nimeiandika. Na hilo neno "kurudi", ni nani wa kurudi? Je, ni vichanja? Au ni mimi niliyepaswa kurudi kuchora tena, na sikurudi? Nimejaribu kuikumbuka siku iliyofuata, na ninachokiona ni mimi nikimpelekea Ba Mwape uji.

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule. Niliitwa kama aliyechora. Nilisimama nikaeleza yote: kuzama, msiba, vichanja, sheria ya mbele na nyuma. Ofisa alinisikiliza vizuri. Akaniuliza kama niliwahi kuviona vichanja vile kwa macho yangu. Nikasema karibu kila siku. Akaniuliza basi kwa nini sikuvichora. Nikasema kwa sababu siku ile havikuwapo. Nilijisikia nikisema, na nilijua jibu hilo linavyosikika.

Bana Mulenga akasimama. Aliongea Kibemba, polepole, kama anavyoongea mtu aliyelala na maneno hayo.

"Bana Chola, sisi ulituchora sawa," alisema. "Ukisema leo karatasi ina kosa, na sisi tutakuwa kosa?"

Huyu ndiye aliyewalisha watoto wangu nilipokuwa nachora majani. Mtu mmoja nyuma akasema kwamba napendelea watu wa kwetu Kongo. Mfanyabiashara mmoja Mkongo, aliyekuwa mlangoni, akasema niliwauza kwa Wazambia zamani sana. Yote mawili yalisemwa asubuhi moja, na mimi nilikuwa nimesimama katikati na karatasi yenye maneno mawili.

Ofisa alisema karatasi ile haithibitishi wala haikanushi. Nadhani alikuwa amechoka, kwa maana aliamua jambo ambalo halikuwa katika utaratibu wake: twende wote ufukweni, tuulize. Tukaenda. Mutale alibeba utepe, mimi nikashika ncha, ofisa akauliza wanawake mmoja mmoja kila mtu alikuwa wapi. Majibu hayakulingana. Mama Kalenga alionyesha mahali pamoja na shoga yake akaonyesha pengine, hatua kumi mbele, wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe. Niliona ofisa anataka kufunga daftari.

Mwisho akamgeukia Bana Mulenga, akamuuliza waziwazi kama hawa wanawake walikuwa na vichanja hapa au la. Bana Mulenga aliutazama mchanga. Watu wake walikuwa wanamtazama yeye.

"Walikuwapo," alisema. "Moshi wao ulitutoa machozi miaka yote."

Hakuna aliyemuuliza zaidi. Aliondoka bila kunitazama.

Sasa mtataka niseme kwamba mambo yalikwisha vizuri. Vibanda vinavyotazama maji vilikuwa vimeshagawiwa katika mchoro wa mradi, na mchoro haukubadilishwa. Akina Mama Kalenga walipewa safu ya nyuma, upande wa barabara, ambako walanguzi hufika wakiwa wameshanunua. Baadhi walishukuru. Mama Kalenga alikataa wiki mbili, akaendelea kukaushia mahali pake pa zamani mpaka saruji ilipomfikia miguuni, kisha akahamia nyuma. Anauza huko mpaka leo, na kila nikipita ananieleza ubaya wa mahali pale kana kwamba mimi ndiye niliyepachagua. Bana Mulenga hakunisalimia masika yote. Halafu siku moja akanisalimia, bila maelezo, na mimi sikuomba maelezo.

Habari zilifika chuoni. Mmoja wa wanafunzi wa Ba Mwape, ambaye sasa ni mwalimu mkubwa, aliniandikia kwa heshima. Alitaka kujua kama kuna karatasi nyingine zenye tatizo kama hilo. Niliifikiria barua yake siku nyingi. Nilimjibu kwamba zote ziko hivyo, kila moja ni siku moja, na kwamba majibu mengine yako nyuma, kama yaliandikwa. Hakunijibu. Sijui kama nilimlinda Ba Mwape kwa barua ile au nilimharibia. Alitufundisha kuwatazama watu ambao hakuna aliyewatazama, na kwa mafundisho hayohayo nikawafuta watu niliowajua kwa majina. Nikianza kumlaumu naona ananiandikia lawama yangu kwenye daftari, mstari wa nne. Nikianza kumsifu namwona Mama Kalenga akiomba maji.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilichukua ile karatasi ya penseli nikampelekea Mama Kalenga huko barabarani. Nilimwambia nataka kuijaza, anieleze walikuwa na vichanja vingapi na vilikaa vipi. Alianza kuhesabu kwa vidole kwa majina ya wenyewe, akafika kwenye majina ya waliokufa, akarudi mwanzo, akachoka.

"Miye sijue hesabu yake," alisema. "Andika tu kama tulikuwaka."

Nilirudi chumbani. Nilichukua wino. Upande wa mbele, juu ya mchanga, nikaandika: "Hapa tulikuwaka." Chini yake nikaweka jina langu na tarehe ya siku niliyoandika, ili mtu asidhani ni maneno ya zamani wala ni ya Ba Mwape. Katika miaka yangu yote ilikuwa mara ya kwanza kuchanganya mbele na nyuma.

Mutale alikuja akaiona haijakauka. Alimwomba Esta amtafsirie, Esta akamtafsiria. Akanitazama, akauliza kwa adabu hao "tu" ni akina nani, kwa maana mimi sikuwahi kuwa na kichanja. Nilifungua kinywa kumwambia ni maneno ya Mama Kalenga, nimeyanakili tu. Lakini nilikuwa nimeandika jina langu chini. Nikabaki na kalamu mkononi, na yeye akaenda kufunga madirisha kwa sababu upepo wa ziwa ulikuwa unainua karatasi.

Jina langu sikulifuta.